Kuandaa Fondu ya Jibini kwa Wageni Nyumbani Tabora: Mwongozo Kamili

Mtu aliyekulia Tabora hahitaji kufundishwa kula katika chombo kimoja na wenzake. Tangu utoto tumekaa kuzunguka sinia la ugali, tukamega, tukatowelea, na tukajifunza kula upande wetu bila kuvamia upande wa jirani. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba fondu, yaani chakula cha Waswisi ambacho watu huchovya vipande vya mkate katika chungu kimoja cha jibini iliyoyeyuka, si kigeni kwetu kama jina lake linavyosikika. Kinachotushinda ni mambo mawili tu: jibini inayofaa, ambayo haipatikani kila duka, na moto, ambao tumezoea kuuwasha mkali kuliko jibini inavyoweza kustahimili. Mwongozo huu unashughulikia hasa hayo mawili, kisha unaeleza namna ya kupanga jioni yenyewe kwa wageni kumi na wawili, idadi ambayo ua wa nyumba ya kawaida ya Isevya au Cheyo unaimudu bila msongamano.

Asili yake, na suala la mvinyo

Jina fondu limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuyeyuka. Maelekezo ya kupika jibini kwa mvinyo yamo katika kitabu cha mapishi cha Zürich cha mwaka 1699, lakini umaarufu wa chakula hiki ni wa karibuni zaidi. Katika miaka ya 1930 ndipo Umoja wa Jibini wa Uswisi, uliokuwa ukisimamia biashara ya jibini nchini humo, ulipokitangaza kuwa chakula cha taifa ili jibini nyingi zaidi inunuliwe. Mchanganyiko unaojulikana zaidi leo ni wa nusu kwa nusu, yaani jibini ya Gruyère na Vacherin ya Fribourg kwa vipimo sawa, ambazo huyeyushwa katika mvinyo mweupe mkavu na kutiwa kitunguu saumu, kungumanga, pilipili manga na kikombe kidogo cha kirsch, pombe kali ya matunda ya cheri.

Mvinyo huo ndio unaowafanya wenyeji wengi wa kwetu waiache fondu kabla hata ya kuijaribu, kwani ni nadra Tabora kualika watu kumi na wawili pasiwe na Mwislamu miongoni mwao, mbali na Wakristo wasiotumia pombe na watoto. Hakuna sababu ya kuiacha. Huko huko Uswisi, watu wa Fribourg wana fondu yao ya jibini ya Vacherin pekee inayoyeyushwa kwa maji matupu juu ya moto mdogo sana, na katika bonde la Aosta, kaskazini mwa Italia, jibini ya Fontina hulowekwa katika maziwa na kukamilishwa kwa siagi na viini vya mayai bila tone la mvinyo. Mwenyeji anayetumia maji na limau kwa hiyo hapiki kitu cha kuigiza, bali anafuata njia ambayo wenye chakula wenyewe wanaifuata. Ushauri wangu ni kwamba vyungu vyote viwe bila kilevi. Kuweka chungu kimoja cha mvinyo na kingine cha limau katika meza moja huleta mashaka, kwa kuwa usiku vijiti huchanganyika na mgeni hubaki akijiuliza alichokula.

Kwa nini jibini huyeyuka vizuri au hukataa

Sehemu hii isomwe kwa utulivu, kwa kuwa anayeielewa hatahitaji kukariri vipimo. Jibini ni wavu wa protini iitwayo kaseini, ambao nyuzi zake zimefungwa pamoja na kalisiamu na ndani yake yamenaswa mafuta na maji. Ikipata joto la wastani, mafuta hulainika, wavu hulegea, na jibini hutiririka. Joto likizidi, nyuzi hukazana upya, hukamua maji na mafuta yaliyokuwa ndani, na mpishi hubaki na bonge linalovutika kama mpira huku likielea katika mafuta ya manjano.

Mara ya kwanza nilipoandaa fondu nilitumia jiko la mkaa lililokwisha kushika sawasawa, nikaweka sufuria nyembamba ya alumini juu yake, na katika dakika chache nusu kilo ya jibini iliyosafiri siku mbili ilikuwa imekuwa bonge ambalo hata mwiko haukuweza kuligawa. Hapakuwa na kasoro katika jibini ile. Kasoro ilikuwa moto, na pia sikuwa nimetia asidi wala wanga.

Vitu vitatu, basi, ndivyo vinavyoilinda fondu. Cha kwanza ni joto dogo, ambalo halifiki kamwe kiwango cha kuchemka. Cha pili ni asidi, iwe ya mvinyo au ya limau, ambayo huivuta kalisiamu kutoka katika protini, hivyo nyuzi zikaachana na mafuta yakabaki yamesambaa ndani ya uji badala ya kujitenga. Cha tatu ni wanga, ambao chembe zake huvimba zikipata joto na kukaa katikati ya protini ili zisigandane. Wanga unaofaa ni konifulawa, ile nyeupe laini inayotumika kuongezea uzito supu na kastadi. Unga wa sembe hauwezi kuchukua nafasi yake kwa kuwa huacha chenga na ladha ya ubichi.

Iko njia ya nne, ambayo ilitokana na fondu yenyewe. Mwaka 1911, katika mji wa Thun, Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, walitengeneza jibini ya kusindikwa kwa kuiyeyusha pamoja na chumvi za asidi ya sitriki, zinazofanya kazi ileile ya kuondoa kalisiamu. Jibini za pembetatu zilizofungwa kwa karatasi ya fedha, ambazo watoto huwekewa ndani ya mkate, ni za jamii hiyo. Zina ladha hafifu, na fondu ya pembetatu peke yake haiwezi kumridhisha mtu mzima, lakini pembetatu mbili zikiingizwa katika chungu cha jibini halisi hubeba chumvi za kutosha kuisaidia jibini yote ishikamane. Kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza naziona kuwa kinga bora kuliko zote.

Kuipata jibini na kuifikisha Tabora

Gruyère haipatikani Tabora, na sioni haja ya kuitafuta kwa gharama kubwa. Kinachohitajika ni jibini iliyogandishwa kwa renneti, yaani kimeng'enya cha kugandishia maziwa, na kuivishwa kwa miezi kadhaa, ya namna ya Gouda, ambayo hutengenezwa hapa nchini na pia huletwa kutoka Kenya. Njombe kunatengenezwa jibini za mtindo wa Kiitaliano, na mikoa ya Arusha na Dar es Salaam ina maduka makubwa yenye aina nyingi, hivyo mtu anayesafiri anaweza kuinunua huko, na mwenye ndugu huko anaweza kumtuma. Sheria ninayoifuata ni theluthi mbili ya jibini iliyoiva, kwa ajili ya ladha, na theluthi moja ya jibini changa na laini, kwa ajili ya ulaini. Cheddar inafaa ikiwa kidogo, maana ikizidi hutoa mafuta. Mozzarella huvutika kama uzi mpaka kidevuni mwa mlaji, kwa hiyo isizidi robo. Jibini ya kienyeji inayogandishwa kwa kuchemsha maziwa na kutia ndimu au siki haifai kabisa, kwa kuwa haiyeyuki hata ikikaa motoni usiku kucha. Hukauka na kuungua tu.

Mwenyeji Mwislamu, au mwenye wageni Waislamu, asome lebo kuhusu renneti. Renneti ya kale hutoka katika tumbo la ndama, na zipo jibini nyingi leo zinazogandishwa kwa kimeng'enya cha vijidudu au cha mimea, ambazo lebo zake huandikwa kuwa zinawafaa wasiokula nyama. Kuuliza mapema ni heshima kwa mgeni, na humwondolea aibu ya kuuliza yeye mwenyewe mbele ya watu.

Safari ya basi au ya treni si tatizo kubwa kwa jibini ngumu ikifungwa katika karatasi, kisha mfuko wa plastiki, na kuwekwa katika ndoo yenye kifuniko pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa kuwa barafu. Ikifika itiwe katika friji. Ikibidi kukaa zaidi ya wiki mbili inaweza kugandishwa kabisa, jambo ambalo huifanya ivunjike-vunjike inapokatwa, lakini kwa kazi ya kuyeyusha haipungukiwi na kitu.

Siku moja kabla ya karamu, chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko wako wa jibini, kijiko kidogo cha maji na matone ya limau, uyeyushe katika kikaangio juu ya moto mdogo kabisa. Jaribio hili la dakika tatu litakuonyesha kama jibini uliyouziwa inayeyuka, na bado utakuwa na siku nzima ya kubadili mpango.

Chungu na moto wake

Waswisi hupika fondu katika chungu kizito kiitwacho caquelon, ambacho kwa desturi ni cha udongo wa kuchoma, chenye mdomo mpana na mkono mmoja. Sisi tuna vyungu. Chungu kipana cha wastani, chenye kitako kinene, hushika joto na kuliachia polepole, na hiyo ndiyo tabia inayotakiwa. Chungu kipya kipikiwe kwanza uji mwepesi mara moja au mbili ili vitundu vyake vizibe, la sivyo jibini itanyonywa na udongo na chungu kitanuka siku zote. Asiye na chungu atumie sufuria nzito. Sufuria nyembamba aiache jikoni.

Kwa moto wa mezani wengi hufikiria jiko la mkaa, nami nasema hapana, kwa kuwa hata jiko dogo ni kali mno. Chombo nilichokiona kinafaa ni chetezo kikubwa cha udongo, kile cha kufukizia udi, kikiwa na makaa matatu au manne yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Joto lake ni la kukiweka chungu katika uvuguvugu mkubwa, si la kupika. Chetezo kiwekwe juu ya sinia la bati lililotandazwa mchanga, na juu yake yawepo mafiga madogo matatu au kishikizo cha chuma ambacho mhunzi yeyote anaweza kukichomelea, ili uzito wa chungu usikiegemee chetezo chenyewe. Kikianza kupoa, ongeza kaa moja lililowaka jikoni.

Makaa yasitumike ndani ya chumba kilichofungwa. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu bila kuwaamsha, na baridi ya usiku wa Juni isiwe kishawishi cha kufunga madirisha. Fondu ya makaa ni ya uani au barazani penye upepo. Mvua ikilazimisha watu kuingia ndani, tumia mishumaa minne minene iliyopangwa chini ya kishikizo, nayo inatosha kwa chungu ambacho tayari kimepikwa. Majiko madogo ya spiriti yanayouzwa pamoja na seti za fondu yanafanya kazi nzuri, ila hayaongezwi spiriti kamwe yakiwa yanawaka au yakiwa bado ya moto, kwani mwali wake mchana hauonekani vizuri na hurukia chupa.

Vitu vya kuchovya

Mkate uwe wa jana. Mkate mpya ni laini, hujitenga na kijiti na kuzama. Ukatwe vipande vya ukubwa wa kidole gumba, na kila kipande kiwe na upande wa ganda la nje, maana ganda ndilo linaloshika kijiti. Boflo zinafaa kuliko mkate wa slesi. Kwa wageni kumi na wawili wenye vitu vingine vya kuchovya, kilo moja na nusu ya mkate inatosha.

Baada ya mkate, kuna utajiri wa kwetu, ambao sehemu yake kubwa Waswisi hawanao. Viazi mviringo vidogo vilivyochemshwa na maganda yake ni vya lazima. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka karibu nyuzi 96, hivyo vipewe dakika chache zaidi ya zile zinazoandikwa vitabuni. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa, vikilowekwa kwa saa mbili katika maji ya uvuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa, huwa na utamu na ukakamavu ambao unapatana na chumvi ya jibini kwa namna ambayo sijaipata katika kitu kingine chochote. Michembe haitafaa hapa kwa kuwa hukaushwa ikiwa mibichi na inahitaji kupikwa. Ugali mgumu uliolala, ukikatwa vipande vya mraba na kubanikwa mpaka upate ganda la kahawia, hubeba jibini bila kumeguka. Ongeza muhogo wa kuchemsha, karoti zilizopitishwa maji ya moto, na uyoga wa msituni ikiwa ni msimu wa mvua na umenunuliwa kwa mtu unayemwamini. Uyoga upikwe kabisa kabla ya kufika mezani.

Kitu kimoja kisisahaulike: uchachu. Waswisi hula fondu pamoja na matango madogo na vitunguu vidogo vilivyokaa katika siki, kwa kuwa mdomo uliojaa mafuta unahitaji kusafishwa. Kwetu kazi hiyo inafanywa na achari ya embe na vipande vya embe bichi lenye chumvi. Kachumbari ina maji mengi, kwa hiyo iwe pembeni katika bakuli lake.

Vijiti vya mishikaki vya mianzi ni vyembamba na huzunguka ndani ya mkate, ndiyo maana natumia viwili viwili vilivyofungwa uzi mwishoni, au uma wa kawaida wenye mkono mrefu. Kila mgeni apewe kijiti cha kuchovyea, sahani yake na uma wa pili wa kulia, kwa sababu nitakazozieleza.

Vipimo na upishi

Ikiwa fondu ndiyo mlo wote wa jioni, Waswisi huhesabu gramu 200 za jibini kwa kila mtu. Katika karamu yenye viazi, matobolwa na vitafunio vingine, gramu 100 zinatosha, na kwa kuwa jibini ni ghali na ni nzito tumboni kwa asiyeizoea, nashauri usizidishe. Kwa watu kumi na wawili andaa vyungu viwili, kila kimoja cha watu sita, kwa vipimo hivi kwa kila chungu: gramu 600 za jibini pamoja na pembetatu mbili za jibini ya kusindikwa, vijiko vikubwa viwili vya konifulawa visivyojazwa sana, mililita 220 za maji, juisi ya limau kubwa moja au ndimu mbili, punje moja ya kitunguu saumu, pilipili manga ya kusaga, na kungumanga ya kukwaruza kwa kisu, kiasi cha ncha ya kijiko. Chumvi usitie, jibini inayo ya kutosha. Anayeandaa kwa ajili ya watu wanaotumia mvinyo aweke mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma mahali pa maji yote, na apunguze limau kuwa kijiko kimoja kikubwa.

Wageni wakialikwa saa moja jioni, kazi huanza saa kumi. Loweka matobolwa, chemsha viazi, kisha itoe jibini katika friji ipoteze baridi. Ikwaruze kwa greta ileile ya karoti, upande wa matundu makubwa, na uichanganye na konifulawa kwa mikono mpaka kila uzi wa jibini uwe umepakwa unga. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayozuia mabonge, kwani wanga unaoingia ukiwa umeshikamana na jibini husambaa sawasawa, tofauti na ule unaomwagwa juu yake baadaye. Mkaa uwashwe saa kumi na mbili na nusu ili uwe na majivu kwa wakati.

Upishi wenyewe ufanyike jikoni, katika sufuria nzito, wageni wakiwa wamekwisha kukaa. Kata punje ya kitunguu saumu na usugue nayo ndani ya sufuria. Tia maji na limau, uache yapate moto mpaka mvuke uanze kupanda na vipovu vidogo vionekane pembeni, kisha ushushe moto. Sasa tia konzi moja ya jibini, ukoroge kwa mwiko, ukisubiri iyeyuke kabisa kabla ya kutia konzi nyingine. Mwiko uende mbele na nyuma, ukikata njia yake katikati, si kuzunguka tu kama anayekoroga chai, kwa kuwa kuzungusha hukusanya jibini kuwa bonge moja katikati ya sufuria. Konzi za mwanzo zitaonekana kuwa na uzi na maji pembeni. Usiogope na usiongeze moto. Kufikia konzi ya nne au ya tano uji huanza kushikamana. Pembetatu ziingie mwisho, kisha pilipili manga na kungumanga. Kazi yote huchukua kati ya dakika kumi na tano na ishirini, na haina njia ya mkato.

Fondu iliyokamilika hung'aa, huufunika mgongo wa mwiko, na hutiririka polepole kama uji wa ulezi. Imimine katika chungu ulichokipasha joto kwa maji ya moto, kwa sababu chungu cha baridi huigandisha jibini papo hapo, na uipeleke mezani bila kukawia.

Inapoanza kuharibika

Ikiwa mafuta yameanza kuelea, mpishi huondoa sufuria motoni kwa hofu, na hapo huiharibu zaidi, kwani jibini inayopoa hukaza. Iache juu ya moto mdogo, changanya kijiko kidogo cha konifulawa na vijiko viwili vikubwa vya limau na maji ya uvuguvugu, umimine, kisha ukoroge kwa nguvu. Mara nyingi hurudi katika dakika mbili. Ikiwa nzito mno, ongeza kijiko kimoja kimoja cha maji ya moto, kamwe si ya baridi. Ikiwa nyepesi, ongeza jibini iliyopakwa wanga, ambayo kwa ajili hiyo weka akiba ya konzi mbili. Iliyokwisha kuwa mpira mgumu haiokoleki, lakini hailazimu kutupwa. Ikatwe vipande na kuwekwa juu ya viazi vya kuoka.

Adabu za chungu

Kabla ya kuanza, mwenyeji aoneshe kwa vitendo, kwa kuwa maelezo marefu humfanya mgeni aone aibu. Chomeka kijiti kupitia upande laini wa mkate mpaka kitokeze kwenye ganda, chovya huku ukikoroga mpaka chini, inua, zungusha mara mbili ili uzi ukatike, kisha ushushie kipande katika sahani yako na ule kwa uma wa pili. Kijiti kinachorudi chunguni hakigusi mdomo. Kukoroga mpaka chini ni wajibu na si mapambo, maana kila mchovyaji akikoroga, chungu hakigandi wala hakiungui.

Uswisi ipo desturi kwamba anayedondosha mkate wake chunguni hulipa faini. Katika mji wenye utani kama wetu desturi hiyo imepata nyumbani: mtani aliyedondosha aimbe, asimulie, au apangiwe kuosha vyombo, na watani wake hawatahitaji kuambiwa la kufanya. Mama mkwe, baba mkwe na wazee wasiohusika na utani wasiingizwe katika faini. Wao wapewe viti vya upande ambao upepo hauwapelekei moshi, na mkamwana au kijana mmoja awachovyee na kuwawekea katika sahani ikiwa mikono yao haina uthabiti. Watoto wadogo wapewe bakuli lao lililopoa kidogo, mbali na chetezo, kwa kuwa jibini ya moto hung'ang'ania ngozi na huunguza kuliko maji.

Waulizeni wageni mapema kuhusu maziwa. Watu wazima wengi hujazwa gesi na sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, lakini jibini iliyoivishwa muda mrefu ina kiasi kidogo sana cha sukari hiyo, hivyo wengi wasioweza kunywa maziwa huimudu fondu ya maji na limau. Ile ya maziwa ya mtindo wa Aosta haitawafaa.

Kinywaji kiwe chai ya rangi yenye tangawizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, uliwalisha watu fondu pamoja na mvinyo au chai, na ukaona kwamba kilevi hukawiza chakula tumboni kuliko chai, ingawa waliokunywa hawakulalamika zaidi kuhusu kuvimbiwa.

Chungu kikikaribia kwisha, acha tabaka jembamba chini likauke juu ya makaa ya mwisho mpaka liwe ganda la kahawia. Waswisi wanaozungumza Kifaransa huliita mtawa wa kike. Kwetu jina lipo siku zote: ni ukoko, na hapana haja ya kumshawishi mtu wa hapa aupende. Ubandue kwa kisu ukiwa wa moto, uvunje, na uanze na mgeni mkubwa.

Chungu cha mwisho: chokoleti na asali

Fondu ya chokoleti ilienezwa New York katika miaka ya 1960 na Konrad Egli, Mswisi mwenye mkahawa, nayo kwa Tabora ni rahisi kuliko ya jibini. Pasha moto mililita 200 za maziwa ya kopo yasiyo na sukari, au tui zito la nazi, uyaondoe motoni kabla hayajachemka, utie gramu 300 za chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, ungoje dakika mbili, kisha ukoroge. Malizia na vijiko vikubwa viwili vya asali ya miombo, ikiwezekana ya nyuki wadogo, ambayo ina uchachu unaoiamsha chokoleti. Mchovya asali hachovyi mara moja, kwa hiyo matunda yawe mengi: ndizi mbivu lakini ngumu, nanasi na papai vilivyofutwa maji, na machungwa ya Juni. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali.

Baada ya wageni

Chungu cha udongo kisimwagiwe maji ya baridi kikiwa cha moto, kitapasuka. Kiache kipoe, kijaze maji ya uvuguvugu, na kilale hivyo. Asubuhi jibini itabanduka kwa kijiko cha mbao bila sabuni nyingi, ambayo udongo huinyonya. Makaa ya chetezo yazikwe katika mchanga wa sinia kabla ya watu kulala. Jibini iliyobaki iwekwe katika friji na iliwe ndani ya siku mbili au tatu, imepakwa juu ya mkate na kupashwa katika kikaangio kilichofunikwa, pamoja na achari iliyobaki.